Machujio ya Chaguomsingi na Hatima ya Matini: Mlango wa Programu katika Tovuti za Lodwar na Kakuma

1. Utangulizi

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa Kiswahili jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, ilhali matokeo yake huwaangukia watu wa lugha. Jambo lenyewe ni machujio yanayotundikwa na mfumo wa kusimamia maudhui katika mlango ambao programu nyingine hupitia ili kuchukua matini zilizohifadhiwa katika tovuti. Machujio hayo huwekwa na mfumo wenyewe pasipo mwenye tovuti kuyaagiza, na ndiyo maana huitwa machujio ya chaguomsingi: ni uamuzi uliokwisha kufanywa kabla mtumiaji hajasema neno.

Mfumo tutakaouchukua kuwa mfano ni WordPress, ulioanza mwaka 2003 na ambao leo huendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti duniani. Mahali tutakapopatazama ni Lodwar na Kakuma, katika Kaunti ya Turkana. Lodwar, makao makuu ya kaunti, ni mji wa kingo za mto Turkwel. Kakuma iko umbali wa kilomita zipatazo 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa karibu nayo mwaka 2016. Katika eneo hilo Kiturkana hukutana na Kisomali, Kidinka, Kinuer, Kirundi, Kiamhari, Kiarabu, na Kiswahili cha namna zaidi ya moja, kikiwamo kile kilichotoka mashariki ya Kongo. Kwa mtafiti wa lugha, mahali pa namna hii ni hazina. Kwa mwandishi aliyekimbia nchi yake, ni mahali ambapo jina lake laweza kumletea madhara.

Tovuti kutumiwa na watu wa huko si jambo la kubuni. Gazeti la wakimbizi liitwalo KANERE, ambalo jina lake kamili ni Kakuma News Reflector, lilianzishwa kambini mwaka 2008, na matoleo yake yakatolewa katika intaneti kwa kutumia WordPress. Aidha Lodwar ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, na si ajabu kwamba idara au kikundi chochote kinachokusanya ngano, mafumbo na habari za eneo hilo kitafikiria kuziweka katika tovuti. Hapo ndipo maswali mawili ya makala haya yanapozuka. La kwanza: je, kuna kitu kinachotoka nje ambacho hakikupaswa kutoka? La pili: je, kile kinachotoka, hutoka kama kilivyoandikwa?

Majina ya kanuni za programu tumeyaacha kama yalivyo, kwa sababu atakayetaka kuzitafuta hatazipata kwa jina jingine.

2. Mlango wa programu na dhana ya chujio

Tovuti ina wasomaji wa aina mbili. Msomaji wa kwanza ni mtu, ambaye hufungua ukurasa wenye vichwa vya habari, picha na rangi. Msomaji wa pili ni programu, ambayo haina haja ya rangi. Programu hutaka matini, tarehe na jina la mwandishi vikiwa vimepangwa katika muundo unaojulikana, kila kitu kwa lakabu yake. Katika WordPress muundo huo huitwa JSON, na anwani ya mlango wake huanza kwa neno wp-json baada ya jina la tovuti. Njia za kuchukulia maudhui ziliingizwa ndani ya mfumo wenyewe katika toleo la 4.7 la Desemba 2016. Tangu hapo tovuti inayosimikwa kwa mfumo huo huwa na mlango ulio wazi, mwenyewe ajue asijue. Chujio la zamani lililokusudiwa kuufunga mlango wote, lililoitwa rest_enabled, liliachwa katika toleo hilohilo.

Sasa chujio ni nini? Katika matumizi ya nyumbani chujio hutenganisha: chai hupita, majani hubaki. Katika WordPress maana yake ni pana zaidi. Chujio ni kanuni inayopokea thamani, ikaitazama, ikaibadilisha au ikaiacha kama ilivyo, kisha sharti iirudishe ili chujio linalofuata liipokee. Kwa hiyo chujio la WordPress laweza kuondoa kitu, lakini pia laweza kuongeza, kugeuza, au kusimama tu kama shahidi.

Mtu wa lugha atauelewa utaratibu huu upesi akiulinganisha na unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili. Mzizi pig- ukipokea kiambishi -an- hutupatia pigana. Umbo hilo likipokea -ish- hutupatia piganisha, yaani kuwafanya watu wapigane. Tukianza kwa -ish- kisha tukatia -an- tunapata pigishana, ambalo maana yake si ile ya kwanza. Viambishi ni vilevile. Kilichobadilika ni mpangilio. Machujio nayo hufuatana kwa nambari ya kipaumbele. Nambari ndogo hutangulia, na chujio lisilotajiwa nambari hupewa 10. Mwandishi wa chujio akisahau kurudisha thamani, machujio yanayofuata hupokea utupu, na jibu zima huharibika hata kama kanuni nyingine zote ni sahihi.

Mahali ambapo chujio hutundikwa pana jina lake, na machujio mengi yaweza kutundikwa mahali pamoja. Kuliondoa chujio kunadai mambo matatu: jina la mahali, jina la kanuni, na nambari ileile ya kipaumbele iliyotumika kulitundika. Nambari ikikosewa, chujio hubaki pale pale, na mfumo hausemi kitu. Ukimya huu ndio chanzo cha marekebisho mengi ambayo wenye tovuti hudhani wameyafanya, kumbe hayakufanyika.

3. Machujio ya chaguomsingi ya mlango wenyewe

Mlango wa programu unapoamka, kanuni iitwayo rest_api_default_filters hutekelezwa. Kazi yake ni kuyatundika machujio ya chaguomsingi mahali pake, isipokuwa yale ya utambulisho, ambayo mfumo huyatundika kwingine. Tutayaeleza kwa kufuata safari ya ombi moja tangu linapofika hadi jibu linapotoka.

Hatua ya kwanza ni utambulisho. Hapa pana machujio mawili yaliyotundikwa mahali paitwapo rest_authentication_errors, moja kwa kipaumbele cha 90 na jingine kwa 100. La 90 hushughulikia nywila za programu, zilizoingizwa katika toleo la 5.6 la Desemba 2020. Hizi ni nywila anazopewa mtumiaji ili programu fulani iingie kwa niaba yake bila kujua nywila yake kuu. La 100, liitwalo rest_cookie_check_errors, lina kazi ya hila zaidi. Mhariri aliyekwisha kuingia tovutini ana kidakuzi katika kivinjari chake. Ukurasa wa mtu mwingine mwenye nia mbaya huweza kukichochea kivinjari hicho kitume ombi kwenye tovuti ya mhariri, na kidakuzi kikaenda pamoja nalo. Kwa sababu hiyo chujio hudai alama ya pili, ya muda mfupi, ambayo tovuti yenyewe ndiyo huitoa. Alama isipokuwapo, mwombaji huhesabiwa kuwa mgeni ingawa ana kidakuzi. Alama ikiwapo na isiwe sahihi, ombi hukataliwa.

Hatua ya pili hutangulia utekelezaji. Kuna maombi ambayo hayataki matini bali huuliza tu: njia hii inaruhusu nini? Chujio lililopo mahali paitwapo rest_pre_dispatch huyajibu maombi hayo bila kutekeleza kazi yoyote.

Hatua ya tatu hufuata utekelezaji, mahali paitwapo rest_post_dispatch. Chujio moja huongeza maelezo ya vitendo ambavyo mwombaji huyu anaruhusiwa kuvifanya katika njia hii: kusoma tu, au pia kuandika na kufuta. Chujio jingine hupunguza jibu. Programu ikitaja katika anwani yake kwamba inataka namba, kichwa na kiungo tu, kwa kutumia neno _fields, hupewa hivyo tu na mengine huachwa. Hili si jambo dogo kwa mtu anayesoma kwa simu mjini Lodwar kwa bando alilolinunua kwa fedha yake. Orodha ya vichwa vya habari pasipo miili ya makala huwa sehemu ndogo tu ya data ambayo ingeshushwa.

Hatua ya mwisho ni jibu linapotolewa. Chujio liitwalo rest_send_cors_headers huviarifu vivinjari kwamba ukurasa wa tovuti nyingine yoyote waweza kulisoma jibu hili. Uwazi huu umekusudiwa. Mlango uliwekwa ili matini zisafiri, na alama ya pili tuliyoieleza ndiyo inayozuia uwazi huo usitumiwe kumwigiza mhariri.

Msomaji atakuwa ameona jambo moja. Katika orodha hii yote hakuna chujio hata moja ambalo kazi yake ni kuficha maudhui. Machujio ya chaguomsingi hutawala adabu ya mazungumzo: nani anazungumza, anauliza nini, apewe kwa ukubwa gani, na nani asikie. Kinachoamua matini ipi itoke ni ukaguzi wa ruhusa ulioandikwa ndani ya kila njia. Umuhimu wa kutofautisha mambo haya mawili ulidhihirika mwanzoni mwa mwaka 2017. Katika matoleo ya 4.7.0 na 4.7.1 ukaguzi wa ruhusa ya kuhariri ulikuwa na ufa: ombi lililotaja namba ya makala iliyochanganywa na herufi lilipita ukaguzi kana kwamba makala hayo hayapo, kisha herufi zikaondolewa na makala halisi yakahaririwa na mtu asiyeruhusiwa. Toleo la 4.7.2 liliziba ufa huo tarehe 26 Januari 2017, na habari zake zikatangazwa tarehe 1 Februari. Tovuti nyingi ambazo hazikusasishwa ziliandikwa upya na wavamizi. Machujio yote ya chaguomsingi yalikuwa yakifanya kazi yake; ufa ulikuwa mahali pengine.

4. Chaguomsingi za utafutaji na hasara ya mtafiti

Mbali na machujio, kila njia ya maudhui ina masharti yake ya chaguomsingi. Anayeomba orodha ya makala bila kusema zaidi hupewa makala 10, zilizochapishwa tayari, mpya zikitangulia. Anaweza kuomba zaidi, lakini si zaidi ya 100 kwa mara moja.

Tuchukue mfano wa mtafiti anayekusanya matini za Kiswahili cha Kakuma ili ahesabu matumizi ya viambishi ngeli. Tuseme tovuti aliyoiendea ina makala 640. Akiacha masharti kama yalivyo, atapata 10 za karibuni tu. Akiomba 100, atadhani amechukua zote, kumbe amechukua za kipindi cha mwisho. Lugha ya kambi hubadilika kwa kadiri watu wanavyofika na kuondoka. Sampuli ya kipindi kimoja haiwezi kusimama badala ya miaka yote. Kosa la namna hii halionekani katika majedwali ya mtafiti, kwa maana hesabu zake zitakuwa sahihi. Kilichopotoka ni kile alichokihesabu.

Dawa yake ipo katika jibu lenyewe. Pamoja na matini, tovuti hutuma katika vichwa vya ujumbe jumla ya makala zote na jumla ya kurasa zake, kwa majina X-WP-Total na X-WP-TotalPages. Mtafiti asome nambari hizo kwanza, kisha aombe ukurasa baada ya ukurasa mpaka mwisho, na katika ripoti yake ataje masharti aliyoyatumia, kama vile tunavyotaja umri na makazi ya wasailiwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba WordPress kwa chaguomsingi haina mahali pa kuandika lugha ya kila makala. Tovuti yenye Kiturkana, Kiswahili na Kisomali haiwezi kuchujwa kwa lugha isipokuwa wahariri wamezipanga matini katika makundi tangu mwanzo, au wameongeza programu-jalizi ya lugha nyingi. Jambo hili huamuliwa siku ya kuanzisha tovuti. Kulifanya baada ya makala mia saba ni kazi ya miezi.

5. Yasiyochujwa: majina ya waandishi

Tumesema kwamba machujio ya chaguomsingi hayafichi maudhui. Sasa tuone maana yake kwa mwandishi.

Kuna njia ya mlango iitwayo users, na kwa chaguomsingi humjibu mgeni yeyote. Huwaorodhesha watumiaji wote wa tovuti waliokwisha kuchapisha walau andiko moja. Kwa kila mmoja hutoa jina la kuonyeshwa, maelezo mafupi aliyoyaandika juu yake mwenyewe, umbo la jina linalotumika katika anwani, na viungo vya picha yake. Umbo hilo la anwani aghalabu hutokana moja kwa moja na jina la kuingilia. Viungo vya picha navyo huwa na alama iliyokokotolewa kutokana na anwani ya baruapepe. Mwenye kuijua anwani hiyo tayari anaweza kuthibitisha kwamba mwandishi ni yuleyule.

Hebu tufikirie mwandishi aliyekimbilia Kakuma kwa sababu ya aliyoyaandika kwao. Makala yake kambini hutolewa kwa jina la kalamu lililoandikwa mwishoni mwa matini, na sura ya tovuti imepangwa isionyeshe jina la mtumiaji. Kwa msomaji wa kwanza, yule mtu, jina limefichika. Kwa msomaji wa pili, yule programu, halikufichika hata kidogo, kwa sababu sura ya tovuti haina mamlaka juu ya mlango. Aliyefungua akaunti ya mwandishi huyo kwa jina lake halisi amekwisha kulitangaza.

Picha nazo zina mkondo wake. Njia ya picha hutoa, pamoja na picha, aina ya kamera na wakati wa kupigwa iwapo faili imebeba habari hizo. Picha iliyoambatishwa na makala ambayo bado haijachapishwa hufichwa pamoja nayo. Lakini picha iliyopakiwa moja kwa moja katika maktaba ya tovuti, bila kuambatishwa na andiko lolote, huhesabiwa kuwa ya wote. Mhariri anayepakia picha ishirini ili achague moja amezitoa zote ishirini.

Sheria ya Kenya ina neno juu ya jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, humtaka anayesimamia data aweke hatua za kuhakikisha kwamba, kwa chaguomsingi, ni data ya kibinafsi iliyo ya lazima tu kwa kusudi fulani ndiyo inayotumiwa. Kwa hiyo hoja kwamba mfumo ulikuja hivyo ulivyo si utetezi. Chaguomsingi ya mfumo, ikikubaliwa kimyakimya, ni uamuzi wa aliyekubali.

6. Ritifaa: chujio linaloigusa lugha yenyewe

Hadi hapa tumezungumzia machujio ya mlango. Lakini matini hupita katika machujio mengine kabla haijaufikia mlango huo. Mlango hutoa mwili wa makala na kichwa chake katika umbo lililokwisha kuandaliwa kwa ajili ya ukurasa, na katika maandalizi hayo kuna chujio la chaguomsingi liitwalo wptexturize. Kazi yake ni kuipamba chapa: mistari miwili mifupi huiunganisha kuwa mstari mrefu, alama za mtajo zilizonyooka huzipinda, na ritifaa iliyonyooka huigeuza kuwa ritifaa iliyopinda. Chujio hili lilitungwa kwa kufuata desturi za Kiingereza, ambamo ritifaa ni alama ya uakifishaji.

Katika Kiswahili ritifaa ya ng' si uakifishaji. Ni sehemu ya herufi inayowakilisha nazali ya kaakaa laini, na huitofautisha na ng ya kawaida. Ngoa ni tamaa au wivu. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoota mizizi. Matini yenye neno ng'ombe ikipita katika chujio hili, programu inayosoma mlangoni hupokea ng&#8217;ombe. Kivinjari kingeigeuza alama hiyo kuwa ritifaa iliyopinda, na mtu asingeona tofauti. Lakini programu ya kuorodhesha maneno, isipoandaliwa, huligawa neno hilo mara tatu: ng, kisha 8217, kisha ombe. Katika orodha ya msamiati ng'ombe hayumo. Ng'oa, ng'ara na ng'ang'ania hayamo. Na nambari 8217 inaonekana kuwa miongoni mwa maneno yanayotumika sana.

Katika Kiturkana hasara ni kubwa zaidi. Kama inavyoonekana katika sarufi ya Gerrit Dimmendaal iliyotolewa mwaka 1983, viambishi vya wingi vya nomino za Kiturkana huanza kwa nazali hiyohiyo: ile ya jinsi ya kike hufuatwa na a, nyingine hufuatwa na i. Mwandishi anayetumia tahajia ya ng' atatia ritifaa mwanzoni mwa nomino karibu kila anapotaja wingi, likiwamo jina la lugha yenyewe, Ng'aturkana. Mtafiti asiyelijua chujio hili atakusanya maelfu ya maneno ya Kiturkana, kisha akute kwamba nomino za umoja zimehesabiwa vizuri na za wingi zimevunjikavunjika. Anaweza hata kuandika juu ya uhaba wa wingi katika masimulizi ya Waturkana. Uhaba huo umetengenezwa na kanuni ya mapambo.

Faraja ni kwamba chujio hili hufanya kazi wakati wa kutoa tu. Ndani ya hifadhi, neno limebaki kama lilivyoandikwa.

7. Namna ya kuyasimamia

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, twaweza kutoa mwongozo ufuatao kwa atakayesimamia tovuti ya namna hii.

Kwanza, asiyaondoe machujio ya chaguomsingi kwa jumla. Ni rahisi kuizuia kanuni ya rest_api_default_filters isitekelezwe, na wapo wanaodhani kwamba kwa kufanya hivyo wameufunga mlango. Matokeo ni kinyume. Mlango hubaki wazi, na kilichoondoka ni machujio yanayolishughulikia jibu, kama lile linalolipunguza kwa neno _fields. 

Pili, anayetaka kuondoa chujio moja, mathalani lile linaloruhusu kurasa za tovuti nyingine kusoma majibu, aliondoe kwa jina lake, na baada ya kutundikwa. Kwa kuwa machujio hutundikwa mlango unapoamka kwa kipaumbele cha 10, agizo la kuondoa liwekwe pale pale kwa nambari kubwa zaidi, kama 15. Likitangulia, litaondoa kisichokuwapo, na chujio litatundikwa baadaye kwa amani.

Tatu, juu ya majina: njia ya users ifungwe kwa wageni kwa kutumia chujio la rest_endpoints, lakini iachwe kwa walioingia. Mhariri wa vipande, aliyeingizwa katika toleo la 5.0 la Desemba 2018, hutumia mlango huohuo kufanya kazi zake. Hata hivyo mlango wa programu si njia pekee ya kutokea. Kurasa za waandishi, mlisho wa habari, na ramani ya tovuti iliyoongezwa katika toleo la 5.5 la mwaka 2020 hutaja watumiaji vilevile. Kwa sababu hiyo kinga iliyo imara kuliko zote haiko katika chujio. Andiko la mtu aliye hatarini lichapishwe kwa akaunti ya pamoja ya chumba cha habari, iliyofunguliwa kwa anwani ya baruapepe ya pamoja, na jina lake halisi lisiingizwe katika mfumo kabisa. Kisichowekwa ndani hakiwezi kuvuja.

Nne, juu ya ritifaa: mwenye tovuti aweza kulizima chujio la mapambo kwa kurudisha jibu la hapana katika chujio liitwalo run_wptexturize, mapema kabla matini ya kwanza haijaandaliwa. Asipolizima, basi mtafiti mwenyewe azigeuze alama za nambari kuwa herufi, kisha airudishe ritifaa iliyonyooka kila inapofuata ng na kutangulia irabu au w. Wanaoandika Kiturkana kwa herufi ŋ wameepukana na tatizo hili, kwa kuwa chujio haliigusi herufi hiyo.

Tano, marekebisho yaandikwe katika programu-jalizi ndogo ya peke yake, wala si katika faili za sura ya tovuti. Sura ikisasishwa au kubadilishwa, marekebisho yaliyoandikwa ndani yake hupotea, na majina yaliyofichwa jana hutokea leo.

Sita, majaribio yafanywe kutoka nje. Mhariri atoke kwanza katika akaunti yake, afungue anwani ya mlango kama mgeni, asome kinachotolewa. Mwenye kuingia huona mengi kwa haki yake, na kwa hiyo si shahidi mzuri wa kile anachokiona mgeni.

Mwongozo huu unamhusu mwenye tovuti inayojitegemea. Aliyefungua tovuti katika daraja la bure la huduma ya WordPress.com hawezi kuweka kanuni zake mwenyewe. Yu kama mpangaji asiyeruhusiwa kubadilisha kitasa. Kwake yeye, ile kinga ya akaunti ya pamoja ndiyo iliyo mikononi mwake, na inafaa aichukue kabla ya andiko la kwanza.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba machujio ya chaguomsingi ni ya aina tatu zisizopaswa kuchanganywa: yanayotawala mazungumzo mlangoni, masharti yanayoamua wingi na mpangilio wa matini, na yale yanayoigusa matini yenyewe. Aina ya kwanza haifichi jina la mtu. Aina ya pili hupunguza bila kusema. Aina ya tatu hubadilisha bila kuonekana.

Idara za lugha za Afrika Mashariki zimezoea kufundisha namna ya kurekodi msimulizi, kunukuu sauti na kuhakiki tahajia. Inafaa sasa ziongeze somo la njia ambayo matini hupita baada ya kuandikwa. Mwanafunzi wa Lodwar atakayeandika neno la wingi kwa usahihi, na mwandishi wa Kakuma atakayeomba jina lake lisitajwe, wote wawili wamemwamini anayesimamia hifadhi. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa chaguomsingi.